Daftari la Mama Rangi

Mama Rangi hampaki mtu chochote chini ya taa. Ukiingia kwenye kibanda chake ukakaa ndani, atakuinua na kukuhamishia kwenye stuli iliyo mlangoni, nusu yako ndani, nusu yako nje. Hapo atakushika kidevu kwa vidole viwili, atakugeuza uso kushoto na kulia kama anayechagua papai sokoni. Mara ya kwanza kumwona akimfanyia mteja hivyo, nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara nyuma ya magunia ya mkaa, na nilimchukia.

Nataka kumweleza vizuri, kwa sababu kwa wiki tano nilimsema vibaya kwa kila mwenye masikio.

Mimi ni mpiga pasi. Nimesoma mpaka darasa la saba, na tangu hapo nguo za watu ndizo vitabu vyangu. Kwenye duka la dobi ninapofanya kazi tuko wanawake wanne na meza nne, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa. Ukishika nguo za mtu kila wiki unajua kama amekonda, kama amerudia sigara, kama siku hizi anakula amesimama. Na nyumbani Jumapili napiga pasi blauzi za binti yangu, blauzi nyeupe tano za sare, maana anafanya kazi mapokezi kwenye duka la miwani na hapo wanataka kola iliyonyooka.

Kwenye kola hizo hubaki doa la fondesheni, ile ya majimaji inayopakwa mwanzo kabla ya poda. Doa hilo ukilipitishia pasi ya moto ndiyo basi tena, halitoki. Lazima ulisugue kwanza kwa sabuni ya mche na maji baridi. Kwa hiyo kila doa nalitazama kabla sijaligusa. Mwezi wa pili lilikuwa rangi ya kahawa kavu. Mwezi wa nne likawa kama chai ya maziwa. Mwezi wa tano niliipeleka blauzi dirishani, nikasema "Hee!" peke yangu chumbani. Doa lilikuwa rangi ya biskuti.

Nikajiambia, ama chupa imebadilika, ama mtoto.

Hapo ndipo nilipoanza kumpeleleza mwanangu. Anayejichubua, uso wake hutangulia kuwa mweupe, vifundo vya vidole vikabaki nyuma, na masikio pia. Basi asubuhi akishika kikombe, macho yangu yako kwenye vidole.

"Mama, mbona unaniangalia mikono?"

"Naangalia kucha."

"Kucha zina nini?"

"Hazina kitu. Kunywa chai."

Baba yake akaangua kicheko kutoka kwenye kiti chake. "Wewe mwanamke ungefaa kuajiriwa mpakani. Hapiti mtu na nyanya mfukoni."

Acheke. Yeye hakumuuguza dada yangu. Dada yangu alianza na sabuni, akaja kwenye mafuta, akamalizia na mkorogo. Kwa watu wa rika langu neno hilo lina maana moja tu: mafuta ya kuchubua ngozi, yaliyochanganywa na mtu uani kwenye beseni, humjui alitia nini. Miaka miwili aling'aa kama sahani. Mwaka wa tatu mashavu yakaungua, yakawa na mabaka ya bluu. Alipopasuliwa tumbo, jeraha halikufunga. Daktari alisema ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi iliyolowa, nyuzi hazina pa kushika. Nilikaa naye wodini siku arobaini na moja. Yu hai, lakini jua la saa tatu tu linamfukuza ndani, na picha zake za zamani amezigeuza zikaangalia ukuta.

Sasa fikiria mtu kama mimi, nimesimama nje ya bafu na ndoo ya maji, namsikia binti yangu ndani anaongea na simu:

"Mama Rangi, nikorogee kama ule wa mwezi uliopita. Ila punguza weusi kidogo."

Ndoo niliiweka chini polepole. Nikorogee. Punguza weusi. Kulikuwa na haja gani ya kuuliza zaidi?

Nilikwenda moja kwa moja kwa jirani yangu, Mama Pacha, ambaye kama kuna jambo halijui, basi bado halijatokea.

"Mama Rangi?" akasema. "Yule wa kile kibanda cha mlango wa kijani? Shoga, mabibi harusi wote wanapita pale. Wanaingia weusi wanatoka wanawaka. Kwani wewe ulidhani ni maji?"

"Anawatia nini?"

"Ana bomba la sindano. Nimeliona kwa macho yangu."

Sindano! Usingizi ukanihama. Wiki tano nikawa napita mbele ya mlango ule wa kijani kwenda kazini na kurudi, ingawa njia yangu haiko upande huo. Kwenye meza ya pasi nilimwambia kila mtu kwamba kuna mwanamke anaua watoto wa wenzake kwa sindano. Mwanangu sikumwambia kitu. Niliogopa akijua nimejua atahamia kwingine, nami nibaki sina pa kuanzia.

Jumamosi moja saa nne asubuhi nilijifunga mtandio mpaka kwenye nyusi, nikaingia kama mteja.

Ni mwanamke mnene, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na kucha zake zina rangi isiyotoka. Kulikuwa na mteja mwingine, mwalimu wa chekechea, amekaa pembeni na mistari mitatu kwenye taya kama askari.

"Karibu dada. Ya sherehe au ya kila siku?"

Mtego wangu nilikuwa nimeuandaa tangu usiku. "Nataka niwe mweupe kidogo. Nimesikia unakoroga."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Duka la vifaa vya ujenzi liko pale kona. Omba chokaa. Wana mifuko ya kilo ishirini na tano, watakubebea mpaka mlangoni kwako."

Mwalimu wa chekechea alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mimi nakoroga rangi yako wewe," Mama Rangi akaendelea. "Ukitaka ya jirani, mwambie jirani aje mwenyewe. Kaa pale kwenye mwanga. Toa mtandio."

Sikumwamini. Nani atakiri mbele ya watu? Nilikaa, nikatoa mtandio, na macho yangu yakaanza kazi. Chini ya meza: ndoo na ufagio. Rafuni: chupa za fondesheni za dukani, kila moja imeandikwa namba kwa kalamu nene, namba kubwa kwa rangi nyeusi zaidi. Mezani: kigae kimoja cheupe cha sakafuni. Na kweli, bomba la sindano. Lakini halikuwa na sindano. Alivuta nalo fondesheni kutoka chupa namba nane, akadondosha kwenye kigae, akavuta kutoka namba sita, akakoroga kwa kijiti bapa. Niliinama kama ninayefunga kiatu, nikanusa. Harufu ya mkorogo naijua, ni kama chuma kilicholowa kikafunikwa na marashi. Hapo hapakuwa na harufu hiyo. Nikadhani ameificha.

Akanipaka mistari mitatu kwenye taya, kila mmoja na kipimo chake, inashuka kidogo mpaka shingoni.

"Madukani wanapaka mkononi," nikasema.

"Kwani uso wako uko mkononi? Uso unapaswa kuoana na shingo. Wengine wanachagua ya kufanana na paji, au na ndoto zao, halafu wanatembea kichwa cha mtu na shingo ya mtu. Sasa tulia dakika ishirini. Nenda mpaka bombani, urudi, utoke jasho kidogo."

"Ya nini yote hayo?"

"Ikikauka inazidi weusi. Watu hununua ikiwa mbichi, wakifika nyumbani wanasema wameibiwa."

Nilikwenda bombani nikarudi. Ndipo tukiwa tunasubiri akanieleza alikotoka, si kwa kujisifu, ni kama anayepitisha muda. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na moja kwenye duka la rangi za nyumba. Mtu anakuja na kipande cha plasta kilichomeguka ukutani kwake, kidogo kama kipande cha sabuni, anataka rangi ya kuziba doa lisionekane. Mama Rangi anaikoroga kwa mkono, anapaka kwenye kibao, anakipeleka nje juani, anasubiri ikauke, anaongeza tone. Akipata, anaandika kipimo kwenye daftari na jina la mwenye ukuta, kwa sababu ukuta utamegeka tena. Kisha tajiri wake akaleta mashine. Unaionyesha plasta, inasoma yenyewe, inamimina. Mama Rangi akapewa barua na ndoo mbili za rangi ya krimu kama asante.

"Nyumba yangu yote ni krimu," akasema. "Siipendi krimu."

Mwezi huo huo binti wa jirani yake akaolewa, na wapambaji wakamtoa nje uso kama umetoka mashine ya unga huku mikono yake ya kahawia imeshika maua. Mama yake analia, wapambaji wanasema ndiyo namba nyeusi kuliko zote waliyonayo. Mama Rangi akaomba chupa mbili na wanja mweusi, akatafuta kigae kilichobaki bafuni, akakoroga. Ndivyo alivyohama kutoka kuta kwenda nyuso.

Hadithi ilikuwa nzuri. Mimi nilikuwa nawaza kwamba wezi wote wana hadithi nzuri.

"Na zile dawa nyingine?" nikauliza kwa sauti ya chini. "Za kung'arisha. Unaziweka wapi?"

"Dada, umeniuliza mara ya pili. Ukiuliza ya tatu nitataka kujua wewe ni mteja au ni serikali."

Akanipa kioo. Mstari wa kushoto ulionekana kama unga. Wa kulia kama tope. Wa katikati haukuwepo.

"Umeufuta," nikasema.

"Gusa."

Nikagusa. Kidole kikatoka na rangi. Ulikuwepo tangu mwanzo, na sikuuona kwenye uso wangu mwenyewe.

Akafungua daftari, lile kubwa la jalada gumu, akaanza kuandika huku anajisomea: "Nane, vipimo vitatu. Sita, kimoja. Manjano, matone mawili." Kalamu ikasimama. Akarudisha kurasa nyuma, moja, mbili, tano, akaweka kidole. Akanitazama juu ya miwani.

"Hiki kipimo nimeshakiandika. Una binti?"

"Sina."

"Basi kuna mtu amekuibia ngozi. Mpaka tone la manjano."

Nikasema, "Ninaye mmoja. Wa duka la miwani."

"Sasa umesema."

Aligeuza daftari nisome. Mwezi wa pili: nane tatu, sita moja, manjano mawili. Yangu mimi, tone kwa tone. Mwezi wa nne: nane mbili, sita mbili. Mwezi wa tano: nane moja, sita tatu, wekundu tone moja. Sikuhitaji kuelezwa. Ilikuwa kola ya blauzi, imeandikwa kwa namba.

"Kila mara anasema punguza weusi," Mama Rangi akasema. "Mimi sipunguzi kwa mdomo wa mtu, ndiyo maana ya mwezi wa sita aliyoomba kwa simu bado sijaikoroga. Namkalisha hapo ulipo, nampaka ile ya zamani kwanza. Mwezi wa nne ilikataa. Ilikaa juu ya ngozi kama tope. Mwezi wa tano ndiyo ikawa mbaya zaidi, na mashavu yana wekundu. Nikakoroga ya kufuata uso ulivyo."

Kwa hiyo nilikuwa nimepatia na nimekosea. Mtoto anajichubua kweli. Lakini huyu hakumchubua. Alikuwa anamfuata nyuma na kuandika.

"Uliona," nikasema, na sauti ilipanda mpaka mwalimu wa chekechea akainuka kutafuta mkoba wake. "Uliona mtoto wa mwenzako anababuka, ukanyamaza?"

"Nilimuuliza mara moja. Akasema siku hizi yuko ndani kutwa, jua halimpati."

"Ukaamini?"

"Hapana."

"Ukafanya nini?"

"Nikaandika." Akafunga daftari, akaliwekea viganja vyote viwili juu. "Nilizoea kuta, dada. Ukuta huuulizi kwa nini umemegeka."

Ningemfokea zaidi, lakini na mimi nilikuwa nimeona tangu mwezi wa nne, na sikuuliza. Niliangalia vidole tu.

Alijaza kichupa kidogo kipimo cha mwezi wa pili, akakifunga. "Mpake mstari wa hiki mlangoni, mchana. Ukipotea, nimekosea mimi na daftari langu, nitakuja kukuomba radhi mbele ya hao uliowasimulia. Usipopotea, hapo sina la kukufundisha. Mimi sikuzaa."

Sijui alijuaje kuhusu hao niliowasimulia. Nilikifunga kichupa kwenye pembe ya mtandio.

Kesho yake Jumapili, saa nane mchana, mwanangu ametoka kuoga, uso hauna kitu, anatundika sare. Nikamwita mlangoni.

"Kaa hapa kwenye stuli."

"Mama, nini tena? Leo ni meno?"

"Kaa."

Nikamshika kidevu kwa vidole viwili. Nilimpaka mstari mmoja kwenye taya, na mmoja nikajipaka mimi. Akakitambua kichupa, akataka kuinuka. Nikamwekea mkono begani. Tulikaa dakika ishirini, mimi na yeye, tumetazama kamba ya nguo ya Mama Pacha. Kisha nikampa kioo.

Wangu haukuwepo. Wake ulikuwa umesimama kwenye taya kama alama ya kalamu.

"Hii ni nini?" akauliza, ingawa alijua.

"Ni wewe. Wa mwezi wa pili."

Alicheka kidogo, kicheko cha puani, kisha kikaisha. Alijaribu kuufuta mstari kwa kiganja, akaacha katikati.

"Kazini walitupiga picha ya wafanyakazi," akasema. "Ya kuweka dirishani kwa nje. Meneja akasema mbele ya wateja, 'Wewe tabasamu tuone meno, tujue uko wapi.' Watu wakacheka."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikatabasamu."

Nilitaka kuamka saa ile ile nikamtafute huyo meneja na pasi ya moto mkononi. Lakini alikuwa bado anaongea, na niliogopa nikisogea atanyamaza. Akasema pale kazini kuna vioo kila upande na taa nyeupe juu. Mteja akijaribu miwani, yeye yuko nyuma yake kwenye kioo, kutwa nzima, na siku hiyo akaanza kujiona kama walivyomwona. Mwenzake mmoja akamletea mafuta. Alisema ni ya wiki mbili tu.

"Dada yako mkubwa," nikaanza, nikajirekebisha, "mama yako mkubwa unamjua. Umemwona mashavu."

"Najua, mama."

"Unajua, na bado?"

"Nilidhani mimi nitaacha mapema."

Nikamwambia alete hayo mafuta. Akaingia chumbani, akatoka na kopo la losheni ya kawaida, lenye picha ya ua. Nilifungua nikanusa: chuma kilicholowa, na marashi juu. Nilimimina majivu ndani yasitumike tena, nikakoroga kwa kijiti, nikalifunga kwenye mfuko mara tatu, nikaenda nalo kwenye pipa la taka mwisho wa uchochoro. Nikiwa njiani nilikuwa tayari napanga nitakavyolipekua godoro lake, mkoba wake, soli za viatu. Ninajijua.

Nikasikia ndara nyuma yangu.

"Mama."

"Nini?"

"Iko nyingine. Kazini, kwenye droo ya fremu za watoto."

Sikuwa nimemuuliza. Nilisimama na mfuko wangu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano sikuangalia vidole vyake, nilimwangalia yeye.

Kopo hilo la pili alilileta Jumatatu jioni. Tulikwenda kwa daktari wa ngozi, akatueleza jinsi ya kuacha pole pole na cha kupaka, akasema jua ni adui kwa sasa. Yale niliyoyasema kwenye meza ya pasi nimeyakanusha, mezani pale pale, na wenzangu walinicheka wiki nzima. Mama Pacha bado anasema bomba ni bomba.

Mama Rangi amekataa kumkorogea. "Uso wake sasa una rangi tatu na kila wiki zinahama," alisema. "Siwezi kukimbizana nao. Aende hivyo hivyo kazini, wakicheka wacheke." Anakwenda hivyo hivyo. Siku ya kwanza alirudi macho mekundu, na ya pili.

Lakini kila mwisho wa mwezi tunapita pale kwenye mlango wa kijani. Mama Rangi anampaka mstari mmoja wa kile kipimo cha kwanza, anamtuma bombani, anasubiri. Kwenye daftari mwezi wa saba ameandika "bado". Mwezi wa nane, "bado". Juzi alitazama muda mrefu, akamgeuza kidevu, akaandika "bado, kingo za mstari zimelegea".

Nikamwambia Mama Rangi ampishe. Nilimshika mwanangu mkono nikamtoa nje kabisa, mpaka barabarani, tuutazame ule mstari kwenye mwanga, kivuli cha ule mlango kisije kikatudanganya.